Madoa Kumi na Manne

Madoa yalikuwa kumi na manne. Macho aliyahesabu mara mbili, na mara ya tatu akayahesabu kwa kidole, moja moja, kana kwamba kuyagusa kungeyapunguza. Hayakupungua. Yalikuwa kwenye sinia namba thelathini na moja, na thelathini na moja alikuwa dada yake.

Kila doa lilikuwa dogo, jeusi katikati na kahawia pembeni, pale kidole chenye kidonda kilipokishika kiini. Utomvu wa ganda la korosho unachoma. Unaingia chini ya kucha, unachubua ngozi, na ngozi ikishachubuka kidole hakishiki tena sawasawa. Kinateleza, kinagusa utomvu, halafu kinagusa kiini. Hapo doa limeshaingia. Tanuri haliliondoi, wala wanawake wa kumenya ganda la ndani, na visu vyao vidogo, hawaliondoi. Linafika mezani kama lilivyo, na kazi ya Macho ilikuwa kuliona. Jina lenyewe alipewa kwa sababu hiyo.

Nje ya ukuta watu wanasema korosho, basi, yamekwisha. Ndani ya ukumbi ule hakuna aliyekuwa na raha hiyo. Yenye ganda ni ghafi. Ikibanguliwa, ganda likatoka, ni kiini. Kiini kisichovunjika ni nzima, kilichopasuka katikati ni nusu, kilichokatika ni kipande, kilichosagika ni chenga. Kilichozidiwa na moto wa tanuri ni ungua. Na chenye alama ya mkono wa mtu ni doa. Maneno hayo alifundishwa na dada yake kabla hajaanza shule, wamechuchumaa uani, kwa kokoto, maana korosho zenyewe hazikuruhusiwa kutoka getini. Hii nzima. Hii nusu. Haya, sema wewe. Doa walilitengeneza kwa kupaka kokoto masizi ya sufuria, na mama yao akawafokea kwa kuchafua nguo.

Dada huyo ndiye aliyembangulia ada ya shule tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, ndiyo maana leo mdogo mtu alikuwa amekaa mezani kwenye taa, na vidole vyake vyote kumi vizima, anasoma masinia ya wenzake.

Sheria ilibandikwa ukutani, juu ya ndoo ya maji. Madoa kumi au zaidi, siku tatu mfululizo, mbanguaji anaondoka. Juzi dada alikuwa na kumi na moja. Jana kumi na mawili. Leo ndiyo ilikuwa siku ya tatu.

Zamani kila mbanguaji alikuwa na bakuli lake la mafuta ya nyonyo, anachovya vidole kabla ya kushika kitu, utomvu usimchome. Msimu huu bakuli lilikuwa moja kwa benchi zima, watu wanane, na kufika saa nne asubuhi limebaki na majivu na nywele. Glavu zilikuwepo. Zilikaa kabatini kwa msimamizi, jozi themanini, mpya kabisa. Zilitolewa siku wanunuzi wanapokuja kupiga picha, na wageni wakishapanda gari lao zikakusanywa na kuhesabiwa. Siku nyingine ukiuliza unaambiwa glavu zinavunja viini. Ajabu ya glavu zile, mbele ya wageni hazikuwahi kuvunja hata kimoja.

Macho aliinua kichwa. Ukumbi ulikuwa unavuma kama kawaida, kelele za vikatio vya mguu, mtu anakohoa, mtu anaimba kwa chini. Sinia lililofuata lilikuwa namba kumi na mbili, la Bi Nzima.

Hakuna aliyekumbuka jina lake la kwao. Alikuwa Bi Nzima kwa sababu viini vyake vilitoka vizima, siku zote, miaka ishirini na zaidi. Anaweka korosho kwenye kikatio, anakanyaga, anachokoa na sindano, na kiini kinatoka kama mtoto anavyotolewa kitandani amelala usingizi, bila kushtuka. Wasichana wapya waliwekwa karibu naye wajifunze. Msimamizi mwenyewe, wageni wakija, huwapeleka moja kwa moja kwenye kigoda cha Bi Nzima kando ya dirisha. Na ni yeye, wiki mbili zilizopita, aliyepanda ngazi za ofisi peke yake kuombea ukumbi mzima mafuta. Alishuka akicheka. "Amesema atalifikiria," aliwaambia. "Tumwache afikirie, kufikiri si kazi ndogo."

Sinia lake leo lilikuwa safi. Nzima tupu, nyeupe, zimejikunja zote upande mmoja.

Hesabu aliyoipiga Macho ilikuwa rahisi, na kila mara alipoirudia baadaye ilizidi kuwa rahisi, na hilo ndilo lililomkera. Bi Nzima hana doa lolote kwenye daftari. Siku moja haimfukuzi mtu. Zikisomwa kumi na nne leo, watu watamtania, atacheka, kesho atarudi na sinia jeupe, na jambo litaishia hapo. Yeye anaweza kulibeba. Dada hawezi.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akazichota zile kumi na nne kwa kiganja kimoja, akaziangusha kwenye sinia namba kumi na mbili, na kwa kiganja hichohicho akachukua nzima kumi na nne akazirudisha kwa dada. Ilichukua muda wa mtu kupiga chafya.

Filimbi ilipolia wabanguaji walisimama mbele ya vigoda vyao. Macho akasimama na daftari, akasoma kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi, ili kila mtu asikie ya kila mtu. Namba kumi: nusu nyingi, madoa mawili. Namba kumi na moja: nzima, doa moja.

"Namba kumi na mbili. Madoa kumi na manne."

"Nani?" mtu aliuliza nyuma. Mwingine akacheka, akidhani ni mzaha. Bi Nzima mwenyewe aligeuka kutazama nyuma yake, kama vile kuna kumi na mbili mwingine amesimama huko.

Alipofika thelathini na moja alisema, "Nzima," akamwona dada yake anafumba macho na kushusha pumzi. Raha aliyoipata wakati ule ilimtosha kwa dakika tano hivi. Kisha msimamizi akafungua dirisha la ofisi, ile ya juu yenye kioo kinachotazama ukumbi wote, akamwita yeye na Bi Nzima.

Ofisini kulikuwa na feni, kiti kimoja, na bakuli la korosho za kukaanga zenye chumvi. Macho alizijua bila kusogea. Zilikuwa za doa, zimekwanguliwa weusi kwa kisu. Mezani kwake chini ziliitwa doa na zilimfukuzisha mtu kazi. Huku juu zilikuwa vitafunwa.

"Bi Nzima," alisema msimamizi, akitafuna. "Umeniangusha, mama yangu."

"Hata mimi nimeshangaa, baba."

"Kumi na nne! Wewe! Mtu ninayemwonyesha kwa wageni!"

"Labda kidole kiliteleza. Mafuta yaliisha mapema."

"Aa, tumerudi kwenye mafuta." Akafuta chumvi mikononi. "Unajua kinachoniuma? Wiki mbili zilizopita ulikuja hapa kuniambia bila mafuta viini vitachafuka. Na leo viini vimechafuka. Mimi nifikirieje?"

Bi Nzima akamtazama. "Unasema nimechafua makusudi?"

"Sijasema mimi. Sinia limesema."

Macho alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, nyembamba. "Lakini mkubwa, sheria ni siku tatu."

"Sheria ya siku tatu ni ya wanaojifunza. Mtu wa miaka ishirini hakosei mara kumi na nne kwa siku moja. Huyo anagoma." Akavuta karatasi. Ilikuwa imeshapigwa chapa. Tarehe tu ndiyo ilikuwa bado, na aliijaza palepale kwa kalamu.

Macho aliitazama ile chapa. Karatasi ile haikuandikwa leo. Ilikuwa inasubiri kwenye droo, na yeye ndiye aliyeitafutia sababu.

Bi Nzima hakuipokea. Alimgeukia Macho badala yake, akamsogelea, akainamisha kichwa kama mtu anayetaka kuambiwa siri. Macho ya mama huyo yalikuwa na ukungu kidogo pembeni, wa utu uzima.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeziona. Huyu hakuziona. Niambie ukweli, mimi nitaridhika nao. Zilikuwa zangu?"

Msimamizi aliacha kutafuna.

Neno lilikuwa moja tu. La. Lingetoka, na pamoja nalo ingetoka namba thelathini na moja, kisha mezani angeondolewa yeye, na nyumbani wangebaki wawili wanatazamana. Aliyafikiria yote hayo kwa haraka ya ajabu. Akapiga moyo konde.

"Zilikuwa zako, mama."

"Haya," alisema Bi Nzima. Hakubisha. "Basi ni macho. Nilikuwa nahisi, asubuhi nikitunga uzi naona mbili. Nilijitia hamnazo, kumbe nachafua kazi ya watu." Akaichukua karatasi kwa mikono miwili, akashukuru. Alishukuru kweli, kwa sauti, na hilo ndilo Macho hakuwa amejiandaa nalo.

Alipotoka, msimamizi alimsogezea Macho bakuli. "Chukua."

"Nimeshiba, mkubwa."

"Chukua bwana." Akachukua moja, akaishika. "Kioo hiki," alisema msimamizi, akikigonga kwa ukucha, "watu wanasahau kwamba kinaonyesha. Mimi nimekaa hapa mchana kutwa. Nimeona mkono wako." Akatabasamu, wala halikuwa tabasamu baya. "Usiogope. Dada yako hana neno, anabangua na kunyamaza. Wa namna hiyo wabaki. Ila pale namba tisa pana mwanamke anaongea sana na wenzake juu ya bakuli. Juma lijalo sinia lake nalo litazame vizuri. Sawa?"

Macho aliigeuza korosho kiganjani.

"Nimeuliza, sawa?"

"Sawa, mkubwa."

Nyumbani alichemsha maji, akatia chumvi, akaweka beseni katikati ya chumba kama kila jioni. Dada akaingiza mikono, akavuta hewa kwa meno. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu, na gumba la kulia lilikuwa limefunguka mpaka kwenye kiungo.

"Kigoda chake amenipa mimi," alisema dada. "Amekifuta kwa upande wa kanga, akasema hapa kuna mwanga, mwanangu, utaona vizuri, mimi mwanga haunisaidii tena." Akaanza kulia na mikono yake imo ndani ya maji, asiweze kujifuta. Macho akamfuta yeye. "Unajua kila asubuhi bakuli likija alikuwa ananiachia nichovye kwanza? Anasema vidole vyangu ni vibichi. Yeye alikuwa na kichupa chake anachonunua mwenyewe, na hicho pia alikuwa ananigawia. Mtu kama yule nani anaweza kumchongea?"

"Hakuna aliyemchongea. Zilikuwa zake."

"Na zangu leo zimetoka safi. Mimi nilikuwa nimeshajua nimemwaga unga. Nilikuwa nimeshamwomba Mungu anipe maneno ya kukuambia." Akatazama maji. "Afadhali ningekuwa mimi. Wallahi, afadhali ningekuwa mimi."

Macho akasimama kwenda kumwaga maji ambayo bado yalikuwa ya moto. Nje alikaa na beseni tupu mapajani mpaka dada akamwita mara ya pili. Nafsi ilimsuta, ikamsuta tena kwa sauti ya Bi Nzima akisema haya. Alijiambia kesho atasema. Kesho ilipofika alijiambia Jumatatu.

Jumatatu sinia namba thelathini na moja lilikuja na madoa kumi na matatu. Ijumaa yalikuwa kumi, Jumamosi kumi na moja, na hii ilikuwa tena siku ya tatu. Kigoda cha dirishani kilikuwa na mwanga mzuri, lakini mwanga si mafuta. Macho aliinua uso akakuta msimamizi amesimama nyuma ya kioo. Alikuwa ameinua vidole, tisa, kama mtu anayemwonyesha mtoto hesabu.

Sinia namba tisa lilikuwa palepale, mkono wa kushoto. Mwenye namba tisa alikuwa na mimba ya miezi saba na mdomo mrefu, hilo kila mtu alilijua. Sinia lake lilikuwa na doa moja.

Macho alizichota za dada kwenye kiganja. Zilikuwa na joto kidogo bado. Aliusogeza mkono kushoto, ukafika juu ya sinia namba tisa, ukakaa hapo. Alihisi kile kioo utosini. Akaanza kukohoa. Akainama, akakohoa kwa nguvu, akaupeleka mkono mdomoni kama mtu anayejiziba, na korosho zote kumi na tatu zikaingia.

Alitafuna ameinama. Mwanzo zilikuwa na ladha ya korosho tu, tamu, laini. Miaka minne ya kukaa mezani na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuzila. Halafu utomvu ukaamka. Ulianza kwenye pembe za mdomo, ukatambaa chini ya ulimi, ukashika ufizi. Machozi yalimtoka. Alimeza, akafuta uso kwa mkono wa gauni, akavuta sinia linalofuata.

Filimbi ilipolia alisoma masinia yote. Midomo ilikuwa imeanza kuvimba na maneno yalitoka mazito, lakini yalitoka. Namba tisa: nzima, doa moja. Namba thelathini na moja: nzima. Akasikia dirisha la juu linafunguliwa.

"Macho."

"Abee."

"Naona leo umechoka. Kesho basi." Dirisha likafungwa.

Getini kulikuwa na foleni kama siku zote. Mlinzi alikuwa na jagi na beseni jeupe la plastiki, na kila mbanguaji kabla ya kutoka alipokea maji mdomoni, akasukutua, akatema kwenye beseni kila kitu kionekane. Kipande kimoja cheupe kikielea, basi wewe ni mwizi. Wanawake watu wazima, wenye wajukuu, walisimama wakitema mate mbele ya kijana wa kumzaa. Dada alikuwa wa tano, ameificha mikono kwapani.

Macho alijiunga na foleni nyuma yake. Mlinzi akamwona.

"Ah, wewe wa mezani unafanya nini huko? Nyinyi mmeaminiwa. Pita, pita."

Akapita.

Nje ya geti, kwenye jiwe, alikuwa amekaa Bi Nzima. Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa kichwani kimepigwa pasi, na mkononi ameshika sindano ya kubangulia iliyofungwa kwenye karatasi.

"Naambiwa jina langu halifungwi daftarini, nikalipwa changu, mpaka nirudishe sindano," alisema, akicheka. "Nikiirudisha naambiwa msimamizi ana shughuli. Leo ni mara ya tatu. Njoo hapa, mwanangu, hujambo? Nikuone. Mimi siku hizi mpaka mtu asogee." Akahamia pembeni kumpisha kwenye jiwe. "Tangu ulipoziona zile, hata mchele nimeacha kuchambua. Namwachia jirani anichambulie. Nitawalisha watu mawe bure. Asante uliniambia ukweli, wengine wangenionea haya."

Kisha akasogeza uso karibu zaidi.

"Jamani. Midomo hii imekuwaje?"

Mdomo wa chini ulikuwa umeumuka na kupasuka katikati. Macho alikuwa na neno kooni tangu ofisini, lilikuwa limekaa hapo siku nne, na sasa lilikuja mbele lenyewe mpaka kwenye meno. Akafungua mdomo. Ngozi ikavutika, damu ikatoka.

"Tulia!" Bi Nzima alikuwa ameshafungua kichupa. Mafuta yalikuwa yamebaki kidogo chini kabisa, akakipindua, akakigonga, akapata tone kwenye ncha ya kidole. Kilikuwa kidole laini, kisicho na mstari hata mmoja, kimeliwa kikaliwa mpaka kikawa kama kipande cha sabuni. Akakipitisha taratibu, mdomo wa juu, kisha wa chini, bila kukosea mahali popote palipoungua.

"Usiseme kitu," alisema. "Ukisema patapasuka zaidi."

Nyuma yao dada alikuwa amefika kwenye beseni. Alisukutua, akatema, mlinzi akainama kutazama. Macho alikaa kwenye jiwe, amefumba mdomo, akapakwa mpaka tone likaisha.